Mara Tisa

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri, giza limeshaingia.
Tuulikki Rautio anafungua dirisha la maabara
upana wa kidole kimoja, baridi ipenye,
maana juzi mashine ya tatu ilipata alama mbovu
na kosa halikuwa lake:
tuliiweka karibu na bomba la joto, ikahema.

Mashine nne mezani, hazina majina.
Nembo tumezifunika kwa plasta,
ile ya kufungia kidonda,
ili macho yasipendelee.
Moja itanunuliwa. Itakaa ghorofa ya chini
ikikokotoa usiku kucha barafu ya ghubani:
wapi ni nene, wapi inadanganya,
lori livuke kwenda kisiwani au lisivuke.

Mimi nashika daftari.
Mbio za kwanza hatuziandiki.
Mashine iliyotoka kulala ni kama mtu,
usiiulize hesabu kabla ya kahawa.
Kisha mara tisa, programu ileile, data ileile,
feni zikivuma kama nyuki waliochokozwa,
na katika tisa hatuchukui iliyo bora
(hiyo waachie wauzaji)
wala iliyo mbaya;
tunazipanga foleni, tunaishika mkono ya tano.

Mashine ya pili ilitutia wazimu.
Sekunde arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na moja.
Nyingine zilihangaika kwenye sitini na kitu.
Bwana Keskitalo, aliyeileta, alitabasamu
akavua glavu moja tu, kama asiyekusudia kukaa.
Tuulikki hakutabasamu.
Alibadilisha jina la programu. Jina tu.
Palipokuwa na A akaweka O.

Sitini na tisa.

Kumbe ilikuwa inautambua mtihani, si kuujibu.
Iliona jina mlangoni ikashika njia ya mkato
iliyochongewa jina hilo, na hilo peke yake.
Mwamba ngoma huvutia kwake, sawa,
lakini huyu hata ngozi hakuwa nayo:
alikuwa na mdundo mmoja wa kuazima
akaomba tumwite fundi.

"Kila mtu anafanya hivyo," alisema Keskitalo,
akivaa glavu yake polepole.
Pengine ni kweli. Ndilo lililoniuma.
Nilipokuwa shule, Raahe,
nilikariri majibu ya mwaka uliotangulia
nikapata kumi, alama ya juu kabisa,
na mpaka leo kugawanya sehemu kunanitoa jasho.

Usiku ule Tuulikki aliliweka jedwali kando.
Akazilisha mashine zote nne barafu ya Machi iliyopita,
yote, pamoja na uchafu wake:
siku ambazo vipimo havikufika,
kipimajoto kimoja kilichoganda
kikaapa sifuri juma zima.
Ya kwanza, bingwa wetu wa kweli mezani,
iliondoka kwa mbwembwe;
saa nane usiku kumbukumbu ikaijaa, ikazimika.
Mbio za sakafuni. Nilicheka, nikaona haya.
Ya pili ilikuwa bado njiani.
Ya nne ilimaliza, ikatoa namba
ambazo samaki wangezikataa.
Ya tatu, ile ya bomba la joto,
ile ambayo katika daftari langu haikuwahi kushinda chochote,
ilimaliza saa kumi na dakika hamsini alfajiri.

Saa kumi na moja simu ikalia.
Veijo Ylitalo, lori la maziwa, injini inanguruma.
Hakuuliza sekunde. Hakuuliza mara ngapi kwa sekunde.
"Nipite?"

Tuulikki alisoma kiooni, kidole kikifuata mstari.
"Subiri Alhamisi," akasema.

Nikatazama daftari. Safu kumi na mbili, zimenyooka,
na hakuna hata moja ya kuandikia hilo.
Nikachukua rula.